Oldsmobile ya Baba

Tangu nilipoiweka hapa picha ya Sikukuu ya mwaka 1987, jamaa wa Maskati, wa Mombasa na wa Unguja wameniuliza zaidi habari za gari kuliko habari za watu waliosimama mbele yake. Siwalaumu. Sisi watoto tumekunja nyuso kwa jua, mama na shangazi wanatazama pembeni, na Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameweka mkono juu ya boneti kama mtu anayemtambulisha mwanawe wa kwanza kwa wageni. Gari lenyewe ni Oldsmobile Delta 88 ya mwaka 1985, buluu iliyokoza. Mpaka leo limeegeshwa nyumbani kwangu hapa Bowie, jimbo la Maryland, mashariki ya jiji la Washington.

Baba alifariki mwaka jana. Katika alivyoviacha, gari hili ndilo lililotutia sisi ndugu katika maneno. Nyumba ilikuwa na hesabu yake katika mirathi, na vitabu vilipata wenyewe. Gari halikuwa na thamani ya kuligombania, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitupa. Dada yangu alitaka liuzwe kwa mpenzi wa magari ya zamani atakayelitunza. Mdogo wangu alisema liende kwa wauza vyuma, tusijitie mzigo. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nina deni na gari lile ambalo wenzangu hawakulijua. Leo nataka kulieleza deni hilo, lakini halielezeki mpaka nilieleze kwanza gari lenyewe na kiwanda kilicholiunda.

Tulihamia Bowie mwaka 1983. Mji huu ulianza kama kituo cha reli mnamo 1870, lakini Bowie tuliyoikuta sisi ilikuwa imejengwa kwa ajili ya gari. Kampuni ya William Levitt ilinunua shamba kubwa la Belair mwaka 1957, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 ikajenga juu yake maelfu ya nyumba zinazofanana, kila mtaa ukiwa na barabara ambazo majina yake yanaanza kwa herufi moja, na kila nyumba ikiwa na njia yake ya kuingizia gari. Hakuna aliyetarajiwa kwenda dukani kwa miguu. Hakuna mtu Mweusi aliyetarajiwa kununua nyumba pia. Levitt alikataa kuwauzia, na mwaka 1963 wanaharakati wa haki za raia waliandamana hapa kwa ajili hiyo. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 ndiyo iliyopiga marufuku ubaguzi wa namna ile nchini kote. Baba aliijua habari hii alipotia sahihi mkataba wa nyumba yetu, na nadhani ndiyo sababu hakutaka kuegesha mbele yake gari la kuomba radhi.

Wakati ule General Motors bado ilikuwa ikiyapanga magari yake kama ngazi, kwa mpango aliouweka Alfred Sloan tangu miaka ya 1920. Chini kabisa ilikuwa Chevrolet, kisha Pontiac, kisha Oldsmobile, kisha Buick, na kileleni Cadillac. Mtu alianza chini alipoajiriwa na kupanda kadiri mshahara ulivyopanda. Baba, aliyekuwa mhasibu, aliisoma ngazi ile na akachagua kipandio cha katikati bila ya kusita. Alipenda kusema kwa Kiarabu kwamba bora ya mambo ni ya kati na kati. Chevrolet ingesema kwamba bado anatafuta, na Cadillac ingesema kwamba amejisahau. Oldsmobile lilikuwa gari la daktari wa mtaani, la mwalimu mkuu, la mtu aliyelipa madeni yake.

Jirani mmoja, fundi mstaafu, ndiye aliyemsaidia kuchagua. Alimwonya juu ya jambo moja tu, asichukue injini ya dizeli. Onyo hilo lilikuwa na sababu inayojulikana nchi nzima. Mwaka 1978 Oldsmobile ilitoa injini ya dizeli yenye silinda nane ili kujibu kupanda kwa bei ya mafuta. Boliti za kichwa cha injini hazikuhimili mgandamizo mkubwa wa dizeli, na maji ya mafuta yasiyochujwa vyema yakaharibu pampu. Wenye magari wakashitaki. Injini hiyo iliachwa baada ya 1985, lakini ilikuwa imekwisha kuwafanya Wamarekani waiogope dizeli kwa miaka mingi. Baba akachukua ya petroli, silinda nane, yenye kabureta, na hakujuta.

Nilipokuwa mdogo, historia ya Oldsmobile ilikuwa ikisimuliwa nyumbani kwetu kama nasaba, na bado naikumbuka kwa mtindo ule, fulani bin fulani. Mwanzilishi wake ni Ransom Eli Olds, aliyezaliwa Ohio mwaka 1864 na kuanzisha kampuni yake Lansing, Michigan, mwezi Agosti 1897. Mwezi Machi 1901 kiwanda chake cha Detroit kiliteketea kwa moto, na husimuliwa kwamba gari moja dogo tu la majaribio lilisukumwa nje kabla ya paa kuanguka. Gari hilo ndilo lililokuja kuitwa Curved Dash, kwa sababu ya ubao wake wa mbele uliopinda. Halikuwa na usukani wa duara. Liliongozwa kwa mpini, kama kana ya dau, na Baba akifika hapo daima alicheka na kusema kwamba nahodha yeyote wa Malindi, Unguja, angeliendesha bila ya kufundishwa.

Dogo lile, kwa bei ya dola 650, ndilo gari la kwanza la Kimarekani kuundwa kwa wingi. Mwaka 1901 yalitoka magari 425, na mwaka 1904 yalizidi 5,000. Watu humpa Henry Ford sifa zote, lakini Olds aliwapanga wafanyakazi wake kwa mfululizo, kila mmoja na kazi yake, miaka zaidi ya kumi kabla ya Ford kuleta mkanda unaotembea mwaka 1913. Hata hivyo Olds hakudumu katika nyumba aliyoijenga. Aligombana na wenye mtaji, akaondoka mwaka 1904, na kampuni yake mpya akaiita REO, herufi za mwanzo za majina yake matatu, kwa kuwa jina la ukoo lilikwisha kubaki kwa wengine. General Motors ikainunua Oldsmobile mwaka 1908.

Tangu hapo kazi yake katika ukoo wa General Motors ikawa kujaribu mapya. Katika magari ya mwaka 1940 ilileta Hydra-Matic, gia ya kwanza inayojibadilisha yenyewe kabisa kuuzwa kwa wingi, na dereva akapumzika na klachi. Mwaka 1949 ikatoa injini ya Rocket, silinda nane, yenye nguvu kuliko ilivyozoeleka kwa bei ile, ikaitia katika gari jepesi na kuliita 88. Hapo ndipo nembo ya roketi ilipotoka, na hapo ndipo gari la Baba lilipopata namba yake. Mwaka 1966 ikatoa Toronado, inayovutwa na magurudumu ya mbele, jambo ambalo kiwanda cha Marekani hakikuwa kimelifanya kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 1976 Cutlass yake iliuzwa kuliko gari jingine lolote nchini.

Baba aliongeza juu ya nasaba hiyo kipande chetu sisi. Alisema si ajabu Mzanzibari kununua cha Mmarekani. Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Marekani ulitiwa sahihi mwaka 1833, mabibi zetu wakavaa merikani iliyofumwa Massachusetts, na mwaka 1840 merikebu ya Al-Sultanah ikatia nanga New York ikiwa na karafuu, tende na pembe za ndovu. "Wao walituletea nguo, sisi tukawapelekea merikebu," alikuwa akisema. "Sasa wanatuuzia roketi."

Wengi mmeuliza lilikuwaje kuliendesha. Nitajibu kama mtoto aliyekua katika kiti chake cha nyuma, na kama dereva wake wa miaka ya mwisho.

Kwanza, ulaini wake. Springi zake ni laini na mwili wake ni mzito, kwa hiyo halipigi barabara, linaelea juu yake. Shangazi alipokuja mara ya kwanza kutoka Mombasa alisema amepanda jahazi katika upepo wa kaskazi. Ukilipeleka katika kona kwa haraka linalala upande, kisha linajiinua taratibu, kana kwamba limeudhika. Usukani wake unazungushwa kwa kidole kimoja, na hauna habari nyingi za kukupa kuhusu barabara. Mwenye kupenda mwendo wa magari ya Kijerumani atalichukia. Baba alilipenda kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa akiniambia, "Usikanyage. Liache liende."

Pili, nafasi. Kiti cha mbele ni kimoja kizima kama kochi la mahameli, na gia iko kwenye usukani, basi watatu hukaa mbele na watatu nyuma. Buti lake lilimeza masanduku manne makubwa, zulia lililokunjwa na katoni ya halua bila ya kulazimishwa. Na injini ile, ukifungua boneti, unaona sakafu pembeni yake. Fundi anaweza kuufikisha mkono kila mahali. Baba alibadilisha oili, plagi na mikanda yeye mwenyewe mbele ya nyumba, shati jeupe likiwa limekunjwa mikono, na spea zilikuwa zikipatikana katika duka lolote na kwa bei nafuu.

Tatu, kiu. Halikuzidi maili kumi na saba au kumi na nane kwa galoni, na mjini lilipungua zaidi. Baba alilijua hilo kwa desimali, kama mtakavyoona.

Nne, theluji. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito wake mwingi uko mbele, kwa hiyo barafuni mkia wake hutaka kutangulia. Tarehe 11 Novemba 1987 theluji isiyotarajiwa ilianguka kwa wingi katika wilaya yetu ya Prince George's, na magari yakakwama usiku kucha katika barabara kuu ya mzunguko wa Washington. Baba alifika nyumbani asubuhi, macho mekundu. Wamarekani wengi wakati wa baridi huweka mifuko ya mchanga katika buti ili kuukandamiza mkia chini. Baba aliona mchanga ni israfu. Tangu baridi ile aliweka mifuko minane ya mchele wa basmati. Kila mwezi wa tatu mchele ulirudi jikoni, na hakuna pilau ya Sikukuu tuliyoila miaka ile ambayo mchele wake haukuwa umezunguka Maryland yote kabla ya kufika sufuriani.

Mwaka uleule alikuja ami kutoka Maskati. Yeye alikuwa na Chevrolet Caprice, kama nusu ya watu wa Ghuba wakati huo, na hakuchoka kumtania ndugu yake. "Hiyo Oldsmobile yako, ukiifungua ndani ni Chevrolet yangu." Utani huo ulikuwa na mzizi. Mwaka 1977 wateja waligundua kwamba baadhi ya Oldsmobile walizonunua zilikuwa zimetiwa injini za Chevrolet bila ya wao kuambiwa. Walikuwa wamelipa bei ya kipandio cha tatu na kupewa moyo wa kipandio cha kwanza. Wakaenda mahakamani, General Motors ikalazimika kuwalipa, na tangu hapo watengenezaji wakawa wanaandika waziwazi kwamba injini inaweza kutoka katika kiwanda chao chochote. Baba hakujibu kwa maneno. Alimshika ami mkono, akafungua boneti, akamwonyesha alama za injini na kumthibitishia kwamba hii ilitoka kwa mafundi wa Oldsmobile wenyewe wa Lansing. Walisimama pale nusu saa, wazee wawili wenye kofia zilizofumwa kwa mkono, wakichunguza nasaba ya chuma.

Jumapili moja aliwahi kutupeleka katika banda la zamani la farasi la shamba la Belair, ambalo siku hizi ni jumba la makumbusho hapa mjini. Farasi wa Belair aitwaye Gallant Fox alishinda mbio tatu kuu za Marekani mwaka 1930, na mwanawe Omaha akazishinda zote tatu mwaka 1935. Hakuna baba na mwana wengine waliowahi kufanya hivyo. Baba alisimama muda mrefu mbele ya majina yale. "Kumbe hawa nao huandika nasaba," alisema. "Ila za farasi."

Sasa nifike penye deni langu.

Mwaka 1988 mauzo ya Oldsmobile yalikuwa yameanza kushuka. Katikati ya miaka ya 1980 iliuza zaidi ya magari milioni moja kwa mwaka, lakini wanunuzi wake walikuwa wakizeeka, na vijana walikuwa wakinunua magari ya Kijapani. Wenye kampuni wakatoa tangazo jipya la televisheni. Watu mashuhuri walionekana pamoja na watoto wao wenyewe. Mwigizaji William Shatner na binti yake walikuwemo, na Ringo Starr wa Beatles na wake. Kiitikio chake kilisema kwamba hii si Oldsmobile ya baba yako.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Skulini sikuwa Nassor tena, nilikuwa Nick. Nyumbani Baba akinisemesha Kiswahili, nilijibu Kiingereza. Na kila asubuhi Baba, akiwa njiani kwenda kazini, alinishusha mbele ya mlango mkubwa wa skuli. Gari lilinukia udi wa mama, na kaseti ya Kurani ilisikika mpaka nje ya dirisha. Wavulana wenzangu walilijua tangazo lile kwa moyo. Walikuwa wakiliimba kila nilipofungua mlango, na kuwa hii ndiyo hasa ya baba yangu.

Asubuhi moja ya vuli, tukiwa bado hatujafika, nilimwambia Baba anishushe konani, mtaa mmoja kabla ya skuli. Akauliza kwa nini. Ningeweza kusema nataka kutembea. Badala yake nililisema tangazo lile, kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya televisheni. Kisha nikaongeza kwamba kila kitu katika gari hili ni cha baba, na mimi sikitaki.

Baba alisimamisha gari. Hakugeuka. Alisema, "Haya, mwanangu. Teremka salama." Nikateremka. Kesho yake hakuuliza. Alisimama konani yeye mwenyewe, na kila siku baada ya hapo, mvua au jua, mpaka nilipomaliza mwaka 1991.

Sikuwahi kumwomba radhi. Mwanzoni nilikuwa na kiburi, baadaye nilidhani amesahau.

Kilichotokea kwa Oldsmobile baada ya hapo kinajulikana. Si haki kusema tangazo liliiua. Ilikuwa imekwisha kudhoofishwa na mambo makubwa zaidi, kwa kuwa magari ya General Motors yalifanana mno mpaka ngazi ya Sloan ikapoteza maana, na Wajapani waliunda magari madogo yenye kudumu. Lakini tangazo lilifanya kosa la namna yake. Liliwaambia wazee waaminifu kwamba gari si lao tena, na vijana walioambiwa kwamba ni lao hawakuja. Mwaka 1990 uundaji wa injini yake ya mwisho ya silinda nane ya ukoo ule wa zamani ulikoma. Kisha ikaja Aurora, ya mwaka wa modeli 1995, gari zuri kwa kweli, ambalo kwa nje halikubandikwa jina la Oldsmobile. Walidhani jina ndilo linalowafukuza watu. Kila nikisoma habari ya Aurora namkumbuka kijana aliyejiita Nick.

Mwezi Desemba 2000, mwaka ambao mauzo hayakufika hata laki tatu, General Motors ilitangaza kwamba itaifunga. Gari la mwisho, Alero, lilitoka kiwandani Lansing tarehe 29 Aprili 2004, na wafanyakazi wakatia sahihi zao chini ya boneti lake. Ilikuwa imeishi miaka 107, alama ya magari kongwe kuliko zote zilizokuwa hai Marekani, na ilikuwa imeunda magari zaidi ya milioni 35. Baba aliitazama habari hiyo katika televisheni bila ya kusema kitu. Mwaka uliofuata gari lake lilitimiza miaka ishirini, na jimbo likampa namba za gari la kihistoria. Hapo alicheka. Alisema gari limeingia katika historia ya nchi hii kabla yake.

Niliwahi kumwuliza kwa nini haliuzi. Alinijibu kwamba gari la kwanza la nyumba yetu, Morris ya babu, lilibaki Unguja mwaka 1964 siku walipoondoka. "Lile niliacha bila ya kuliaga," alisema. "Hili nitakaa nalo."

Baada ya mazishi nilifungua kisanduku cha dashibodi kutafuta hati za bima. Chini yake niliona madaftari sita, yamefungwa kwa mpira. Baba alikuwa ameandika kila mara alipotia mafuta na kila safari yenye maana, tangu siku ya kwanza. Aliandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake. Mimi nilihitimu Kurani utotoni na herufi nazijua. Lakini mwandiko wa Baba hauna irabu, na Kiswahili kisichotiwa irabu husomwa na mwenye kukijua kwa masikio. Niliweza kusoma tarehe, maili na galoni. Maneno yaliyokuwa pembeni yalinipita.

Nilizipiga picha kurasa na kumpelekea shangazi, Mombasa, naye akanisomea kwa simu, usiku baada ya usiku. Ndipo nilipojua gari lile lilikuwa nini. "Dulles, kumpokea ami." "Dulles, kumpokea mtoto wa bi mkubwa, amekuja kusoma." "Hospitali, amezaliwa mtoto wa kike, alhamdulillahi." "Baltimore, jeneza." Nimehesabu safari sitini na mbili za uwanja wa ndege. Karibu kila mmoja wetu aliyefika nchi hii katika miaka ile aliingia kupitia kiti kile cha mahameli. Tarehe 29 Aprili 2004 ameandika: "Wamefunga. Nimebadilisha oili."

Tulipofika vuli ya 1988, shangazi alisita. "Hapa kaandika 'skuli'. Kisha kuna neno jingine, kafu, wau, nuni, alifu. Kona? Na kesho yake tena, skuli, kona. Ukurasa mzima, mwanangu. Kona gani hii?"

Nikamwambia ni kona ya mtaa, alikuwa akinishusha hapo.

"Kwa nini asikufikishe mlangoni?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima kwa simu. Nilimwambia tuendelee kesho. Baba hakuandika nilichosema siku ile, wala kwamba aliumia. Aliandika mahali alipopaswa kusimama, ili asikosee.

Nimewalipa ndugu zangu sehemu zao, na gari limebaki kwangu. Mdogo wangu alipousikia ukurasa ule, hakuchukua fedha zake zote. Nimebadilisha matairi na mipira ya breki, na kabureta imesafishwa. Jumapili ninalitoa, kama nilivyofanya miaka mitatu ya mwisho Baba akiwa kando yangu, hawezi tena kuendesha lakini bado ananiambia nisikanyage. Linapita mbele ya skuli ile. Binti yangu husema linanukia petroli na udi, naye huacha dirisha wazi. Usiku, baada ya isha, ninajifunza kuusoma mwandiko wa babu yake bila ya msaada. Nimefika daftari la pili.

Nina ombi kwenu. Majina mengi ya wageni wa Dulles yameandikwa kwa ufupi, na shangazi hawakumbuki wote. Nitaweka orodha hapa wiki ijayo. Anayejitambua au kumtambua mzee wake aniandikie. Na kama yupo kati yenu, Unguja au Maskati, mwenye picha yoyote ya Morris ya babu, hata kama inaonekana nusu yake nyuma ya watu, tafadhali aipige picha na kunipelekea. Nataka kuiweka ndani ya kisanduku cha dashibodi, pamoja na madaftari.